Macho Tuliyomwazima Mama Doreen

Kariuki, mume wa Wanjiru, alizikwa Jumamosi, na kufikia Jumatano nyumba yao katika mji wa Savage, Minnesota, ilikuwa imenyamaza. Waliokuja kwenye matanga walikuwa wamerudi kazini, wengi wao mahospitalini na kwenye nyumba za kulelea wazee, wakaacha friji imejaa trei za pilau na chapati zilizofungwa kwenye foili. Mimi nilichukua likizo hospitalini kwangu Saint Paul nikabaki na mjane. Wanjiru ni rafiki yangu tangu tulipokuwa na miaka ishirini na miwili, yeye Mkenya, mimi Mtanzania, na watu wa kanisani wamezoea kutuona pamoja kiasi kwamba wengine hudhani ni ndugu. Asubuhi hiyo tulikuwa jikoni kwake tunachambua maharage ambayo hakuna mtu angeyala, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Nje theluji ilikuwa imefunika nyasi, barabara, mapaa na sanduku la barua lililosimama juu ya nguzo hatua chache kutoka dirishani, weupe mtupu usio na mwanzo wala mwisho, na jua lilikuwa linaupiga kiasi cha kuumiza macho. Wanjiru akasukuma sinia pembeni. Akasema, "Neema, unamkumbuka Mama Doreen?"

Nilishtuka kuliko nilivyoonyesha. Kwa zaidi ya miaka thelathini tulikuwa tumezungumza kila kitu, mimi na yeye. Alitangulia kuja Minnesota na Kariuki, mimi nikafuata baada ya kumaliza uuguzi, tukakaa mwendo wa nusu saa kwa gari kati ya nyumba yake na yangu, tukalea watoto wanaotuelewa tukisema Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza. Tumesemana, tumelilia waume, tumecheka mpaka kushikana mbavu. Lakini safari ile tuliyokwenda na Mama Doreen hatukuwahi kuitaja hata mara moja. Nilijiaminisha kwamba ameisahau. Sasa nilimtazama nikaona hajasahau lolote, na nikajua kwamba yeye naye, miaka yote hiyo, alikuwa amejiaminisha kwamba mimi nimesahau.

Ya nyumbani kwetu na jinsi nilivyopata nafasi ya kwenda kusoma nitayaacha. Mwaka ule nilikuwa nasomea ualimu wa sayansi Adelaide, kusini mwa Australia, na Wanjiru alikuwa anasomea uhasibu. Tulikutana kwenye foleni ya wanafunzi wa kigeni, kila mmoja akinung'unika peke yake kwa Kiswahili, tukageukiana kwa mshangao, na kabla ya juma kuisha tulikuwa tumepanga chumba pamoja. Kilikuwa chumba cha uani katika nyumba ya bibi mmoja wa miaka sabini hivi aliyeishi peke yake. Kilikuwa na vitanda viwili vyembamba, zulia la rangi ya haradali, na dirisha lililotazama nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu, ile wanayoiita karavani, iliyofunikwa turubai kama mtu aliyefunikwa shuka. Bibi alitaka tumwite Doreen. Sisi tulishindwa, midomo ilikataa kumtaja mtu wa umri ule kwa jina tupu, kwa hiyo tukamwita Mama Doreen. Hakuwa na mtoto. Mara ya kwanza alipolisikia jina hilo aligeuka akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Tulikula naye kila jioni saa kumi na mbili kamili: nyama ya kondoo, viazi, na kiazisukari chekundu cha kopo ambacho kilipaka kila kitu rangi. Tulikuwa watu watatu na meza iliandaliwa sahani nne. Juma la kwanza tulidhani anasubiri mgeni. Juma la pili Wanjiru aliniambia chumbani, "Labda ndiyo desturi yao. Sahani ya mgeni akitokea." Tukaikubali. Ukiwa ugenini unakubali mambo mengi kwa kudhani ni desturi. Siku moja nilitaka kuiondoa sahani ile ya nne ili kupunguza vyombo vya kuosha, na Mama Doreen akaniwekea mkono juu ya mkono wangu, kwa upole kabisa, mpaka nikaiachia.

Ilipofika Julai, ambao kule ni mwezi wa baridi na vyuo hufungwa, alituuliza kama tungemsindikiza kaskazini na karavani, tukiivuta kwa gari lake. Alisema anataka kuliona ziwa moja la chumvi, na kwamba yeye hawezi tena kuendesha kwa sababu macho yake yamepungua. Wanjiru alikuwa na leseni na alipenda magari kupita kiasi. Mimi sikuwa na pa kwenda. Tulitoa turubai, tukafagia buibui, na ndani tukakuta kila kitu kimepangwa kama juzi tu kimeachwa: vikombe vinne kwenye ndoano, kitanda nyuma ya pazia la maua, meza inayokunjwa na kugeuka kitanda cha pili, na ukutani picha ya mwanamume mrefu mwenye sharubu nyeupe na kofia pana, akicheka. "Huyo ni Les," Mama Doreen alisema. Tukadhani ni mumewe, marehemu.

Sijawahi kuona barabara kama ile, wala sikuwahi tena baadaye, hata katika nchi tambarare za magharibi mwa Minnesota. Ilinyooka mpaka ikafutika. Udongo ulikuwa mwekundu kama matofali, vichaka vya kijivu vilifika magotini, na kila baada ya muda mrefu lilitupita lori lenye tela tatu likaitikisa karavani yetu kama kiberiti. Pembeni kulikuwa na kangaruu waliogongwa, na tai waliosimama juu yao bila kujisumbua kuruka tulipopita. Mchana wa kwanza tulifurahi, tukaimba. Wa pili tukanyamaza. Ukimya wa mahali pale ulikuwa na uzito. Ulikuwa unangoja umalize kusema ndipo uendelee. Tulilala katika mji wa wachimba mawe ya thamani, ambako watu wamechonga vyumba ndani ya mwamba kukimbia joto, na Mama Doreen alitulipia chumba kimoja cha chini ya ardhi. Kuta zilikuwa na alama za mashine, kama makucha. Wanjiru alisema, "Hapa mtu akikuita hutajua sauti inatoka wapi," na nikamwomba asiseme hivyo tena.

Siku iliyofuata tulisimama kwenye kituo cha mafuta, jengo moja tu katikati ya utupu. Mama Doreen alibaki garini. Mwanamke wa dukani, mnene, mwenye mikono iliyoungua jua, alichungulia dirishani akaitambua karavani. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwaka huu kawaleta nyinyi?"

"Mwaka huu?" niliuliza.

"Mwaka jana alikuja na jirani yake. Mwaka juzi na mtu wa kanisani." Akatutazama mmoja mmoja. "Hakuwaambia habari za Les?"

Ndipo tulipoambiwa, tukiwa tumeshika mikate na kopo la pichi. Les hakuwa amekufa, au tuseme hakuna aliyejua. Miaka mitatu nyuma walisimamisha karavani ile ile kando ya ziwa la chumvi ili wale chakula cha mchana. Mama Doreen aliandaa meza. Les alisema anakwenda mara moja kutazama ukingo wa ziwa. Chakula kikapoa. Polisi walikuja, ndege ndogo zilizunguka siku tisa, na wenyeji wa nchi ile, wanaoisoma ardhi kama wengine wanavyosoma gazeti, walifuata nyayo zake mpaka kwenye chumvi, na kwenye chumvi zikaisha. "Mwangalieni sana," mwanamke yule alisema. "Yule wa kanisani aliniambia aligombana naye pale ziwani. Hakuniambia kwa nini. Na hakurudi tena."

Tungeweza kugeuza gari. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hatukugeuza. Nadhani ni kwa sababu tuliporudi garini Mama Doreen alikuwa ametumenyea machungwa, ameyapanga juu ya kitambaa pajani, na alitutabasamia kama mtu anayejua tumeambiwa nini na anatushukuru kwa kutosema.

Ziwa lilikuwa jeupe. Halikuwa na maji hata tone, chumvi tu, mpaka upeo wa macho, na mbali kabisa joto lilitengeneza mazigazi, maji ya uongo yanayocheza, ingawa hewa yenyewe ilikuwa baridi. Tulikaa pale siku tatu. Nakumbuka nzi kuliko chochote, nzi kwenye midomo, nzi kwenye pembe za macho. Wanjiru alisonga ugali wa semolina kwenye jiko la gesi na Mama Doreen akaula kwa uma, akausifu. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, yeye aliingia ndani kupumzika nyuma ya pazia, na sisi tukaosha vyombo kwenye beseni, chini ya dirisha lake la vipande vya kioo. Hapo ndipo tulipomsikia. Aliongea kwa sauti ya kawaida, ya mke anayemweleza mumewe mambo ya siku. Halafu alinyamaza, na ukimya wake ulikuwa wa kipimo kile kile mtu anachokitumia kumsikiliza mwenzake. Halafu akacheka.

"Wazuri sana," tulimsikia. Kimya. "Ndiyo, wote wawili. Wana macho mazuri." Kimya kirefu zaidi. "Kesho basi. Nikishajua uko upande gani, nitakuja mwenyewe. Hao watarudi na gari."

Sahani iliniteleza ikazama kwenye beseni. Wanjiru alinivuta mkono mpaka nyuma ya gari. "Ametuleta tuwe macho yake," alisema. "Umeelewa? Yeye haoni mbali. Anataka tumwambie Les yuko wapi, amfuate." Akachungulia dirisha la karavani. "Neema, tukiona kitu hapa, hatujaona. Sawa? Chochote. Hatujaona." Nikasema sawa. Nilisema haraka, kwa sababu sikuamini kwamba kulikuwa na kitu cha kuona.

Siku ya tatu Mama Doreen aliamka akavaa gauni la bluu, viatu vya kanisani na soksi ndefu, akapaka poda. Ilipokaribia saa sita mchana aliweka meza nje chini ya turubai, sahani nne, vikombe vinne, nyama baridi, mkate, kiazisukari. Alikaa akielekea ziwani na mkoba wake mapajani, kama abiria anayesubiri treni ambayo ratiba yake anaijua. Tulikaa. Hakuna aliyekula. Kitu cha kwanza nilichokigundua ni kwamba uso wangu ulikuwa umepumzika, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Nzi walikuwa wameondoka. Wote. Kopo la kiazisukari lilikuwa wazi mezani na hapakuwa na nzi hata mmoja.

Ndipo nikamwona. Alikuwa mbali juu ya chumvi, mwembamba, mweusi dhidi ya weupe, katikati ya yale maji ya uongo. Mtu. Niliona mabega, niliona kitu kipana kichwani. Alikuwa anatembea kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, ametupa mgongo, anakwenda zake, na ingawa nilihesabu hatua zake, hakupungua ukubwa. Moyoni nilijisemea ni mti mkavu, ni mmoja wa wale ndege wao wakubwa wanaofanana na mbuni. Mti hautembei. Ndege hana mabega.

"Neema," Mama Doreen aliita, taratibu, bila kugeuka. "Unamwona?"

Ninaikumbuka sauti ile kuliko sauti ya mama yangu mzazi. Ilikuwa imejaa matumaini mpaka ikawa ya msichana. Sijawahi kuombwa kitu namna ile. Neno moja tu lingetosha, na lilikuwa neno la kweli, na mimi nilikuwa nimelelewa kutosema uongo kwa mtu mzima. Angesimama, angenyoosha gauni, na angeondoka. Nilitazama soksi zake, jinsi alivyozivuta zikanyooka vizuri.

"Sioni kitu, Mama Doreen."

"Tazama vizuri, mpenzi. Una macho mazuri."

"Ninatazama. Ni chumvi tu."

Akamgeukia Wanjiru. Wanjiru alikuwa anatazama ziwa kwa namna ambayo sikuielewa, mdomo wazi kidogo, mikono yote miwili imeshika ukingo wa meza. "Hakuna mtu," alisema kwa Kiingereza chenye kukwaruza. "Hakuna mtu pale kabisa."

Mama Doreen akachukua kisu, akakata nyama yake vipande vidogo vidogo, akala vyote, akanywa chai yote. Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta, yakachora mistari kwenye poda. Alipomaliza alisema, "Basi. Labda haji." Na hapo Wanjiru alisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka, akaenda kufunga karavani kwenye gari, akanipigia kelele nimwingize Mama Doreen garini. Nilianza kukusanya vyombo. "Wacha hizo sahani!" alisema. "Neema, wacha! Ingia!" Nilidhani ni hasira, au uchovu. Tuliondoka tukaacha meza imesimama pale na sahani zake. Wanjiru aliendesha bila kusimama mpaka jua lilipoinama, na nilipojaribu kugeuka nyuma kutazama alinishika shingo, kweli alinishika, akanigeuza uso mbele.

Tuliporudi Adelaide kitu kilikuwa kimekatika ndani ya Mama Doreen, na sikujua kama tulikuwa tumemponya au tumemvunja. Kwa majuma mawili hakusema zaidi ya habari za asubuhi. Halafu jioni moja tulikuta meza ina sahani tatu. Mwezi uliofuata alikubali kupasuliwa macho, maana kumbe alikuwa na mtoto wa jicho miaka yote na amekataa matibabu. Nilimpeleka mimi, nikakaa naye wodini, nikamtia dawa kila baada ya saa nne, na ilikuwa katika wodi ile, nikiwa nimemshikia kikombe, ndipo muuguzi mmoja aliponiambia kwamba nimekosea kozi. Mwaka ulipokwisha nilikuwa nimehamia uuguzi. Alipofunguliwa bandeji alinitazama kwa muda mrefu. "Kumbe una kovu hapo," alisema, akaligusa paji la uso wangu. Akaniambia kwamba sasa angeweza kwenda kule ziwani kujitazamia mwenyewe. "Lakini sitaki tena," alisema. "Mlinitazamia nyinyi. Nawaamini."

Mwezi wa Novemba polisi walipiga simu. Mafundi wa uzio walikuwa wamekuta mabaki ya mtu, na saa ya mkononi yenye jina la Les nyuma yake. Hayakuwa ziwani. Yalikuwa upande wa pili wa barabara kuu, ndani ya vichaka, mahali ambapo hakuna aliyetafuta kwa sababu nyayo zilielekea kwenye chumvi. Inaelekea alikwenda ziwani, akazunguka, akapotea akirudi. Alikuwa ameketi chini ya kichaka, kofia pajani. Daktari alisema alikufa siku ile ile au iliyofuata. Mama Doreen alimzika vizuri, sisi tukimshika huku na huku, na akaishi miaka kumi na moja zaidi. Aliniandikia kila Krismasi kwa mwandiko ulionyooka.

Kwa hiyo uongo wangu ulimwokoa, hesabu ni rahisi. Kama ningesema ndiyo, angetembea kwenye weupe ule akimfuata mtu ambaye hakuwa mumewe, akimpa kisogo mumewe halisi. Nimeutumia ushahidi huo kujituliza maisha yangu yote. Wagonjwa wangu wazee huniuliza karibu kila juma kama namwona yule aliyesimama pembeni ya kitanda, na ninajua namna ya kujibu, na wanafunzi ninaowafundisha hunisifu kwa utulivu. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilichokiona mimi.

Hayo yote nilimwambia Wanjiru jikoni kwake, Jumatano ile, kwa mara ya kwanza. Nilimwambia kwamba nilimwona mtu. Nilidhani angepiga mayowe. Aliitikia kwa kichwa tu, polepole, kama mtu anayepokea majibu ya vipimo aliyokwisha kuyakisia.

"Hata mimi," alisema.

Karibu nicheke kwa ahueni. Nilimwambia basi yalikuwa mazigazi, watu wawili huweza kuona mazigazi yaleyale, ni mwanga tu. Nikamwambia hata hivyo alikuwa anakwenda zake, amekwisha kutupa mgongo, hakuwa na shida na sisi.

Wanjiru aliniangalia. "Mgongo? Wewe uliona mgongo?"

"Ndiyo. Alikuwa anaondoka."

"Neema, hapana." Alishusha sauti, kwa maana mwanawe alikuwa anashuka ngazi. "Huyo wangu alikuwa anakuja. Si kwa kutembea vile. Anakuja ile ya mbio. Kwani unafikiri ni kwa nini niliwaharakisha? Na hakuwa huyo Les wa kwa picha. Nilimwona uso, haki ya Mungu, niliuona vizuri kabisa."

Nilimwuliza swali moja tu, kwa sababu la pili, uso ule ulikuwa wa nani, sikuthubutu. Nilimwuliza alikuwa amefika wapi tulipowasha gari.

Wanjiru aligeukia dirisha. Alitazama theluji kwa makini, kama fundi anayepima kiwanja, akaacha macho yake yasogee kutoka barabarani mpaka yakapata kipimo.

"Kutoka hapa," alisema, "mpaka kwa lile sanduku la barua."